Mgomba Nyuma ya Goli

Mume wangu Hamisi Chilowa alipokata roho, hata kidevu hakijafungwa, wanangu waliuliza jambo moja: mtani yuko wapi? Hawakuuliza sanda, hawakuuliza kaburi lichimbwe upande gani. Walikuwa wamelelewa na hadithi ileile tangu wananyonya, kwamba baba yao ana mtani wake Mngoni, Athumani Ngonyani, aliyekuwa golikipa wa chuo, sasa anakaa Mitole, na kwamba siku baba akifa mtani huyo ndiye atakayekuja kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wacheke. Basi mwanangu wa pili, Salumu, akapanda pikipiki kwenda Mitole, maziko yakasogezwa hadi kesho yake. Mimi nilikuwa nimeshaingizwa chumbani, nimefunikwa kaniki, nimekalishwa mkekani, wanawake watatu pembeni wananilinda kama kuku aliyeatamia. Wangeniuliza, ningewaambia wasimsumbue mzee wa watu. Lakini mjane haulizwi, hupewa uji tu.

Nataka kuusema mwaka ule wa chuo, kwa kuwa Hamisi aliusema maisha yake yote na aliusema vibaya. Mimi nilisoma juzuu chache na madarasa mawili, baadaye nikaongezea kisomo cha watu wazima, ndiyo maana mwandiko wangu unakwenda kama mlevi. Ila majina siyasahau. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, zile mashine kubwa za karanga za Nachingwea zikiwa zimeanza kuota kutu. Chuo kilikuwa juu ya kilima, mwendo wa asubuhi moja kutoka Rutamba, majengo ya mawe yenye bati na bwalo moja la makuti. Vijana waliletwa kutoka jimbo zima la kusini kuja kufundishwa ualimu. Mama mkubwa wangu, Bi Fatu, kazi yake ilikuwa kutwanga na kuchagua maharage, na mimi nilikuwa mikono yake. Jiko na bwalo vilitenganishwa na ukuta wa mianzi iliyopasuliwa. Kupitia mianzi ile nilimjua kila mwanafunzi kwa sauti kabla sijamjua kwa sura: nani anatafuna kwa kelele, nani anamnung'unikia mpishi, nani anasali kimoyomoyo lakini anasikika.

Timu nzima ninaweza kuitaja sasa hivi nikiwa nimefumba macho: Rashidi Mtopela, Kasiani Nandonde, Issa Likolovela, Benedikto Mchopa, Bakari Nang'ombe, Saidi Ulaya, Fransisi Mkwera, Abdala Ching'ang'a, Mohamedi Kipara, kapteni Hamisi Chilowa, na golini Athumani Ngonyani. Wengi wao msijisumbue nao, wamekwisha kufa na hawakuwa na maajabu yoyote. Hamisi alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye maneno. Akiingia bwaloni hata sahani zinanyamaza zimsikilize. Athumani alikuwa mrefu, mikono inamfika magotini, na kusema kwake kulikuwa kama kwa mtu anayelipia maneno. Baada ya chakula alikuwa akija upande wa nje wa ule ukuta wa jiko, anainama kwenye mianzi, anauliza, "Somoe, upo?" Mimi namjibu, "Nipo, ukoko haupo." Anacheka. Kisha nampitishia ukoko. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu, na msije mkadhani yalikuwa madogo. Mwanzo wa msimu aliniambia, "Kombe likija, mjomba naye atakuja." Mjomba wake alikuwa akikaa Kilangala. Mwanamume hamtaji mjomba mbele ya msichana kwa mchezo. Maana yake ilikuwa posa. Kutoka siku ile nami nikawa mshabiki wa mpira, ingawa sikuwahi kuona hata mechi moja mpaka mwisho, maana mapema mno mama mkubwa ananiita, "We Somoe, maharage yatajichagua?"

Mechi ya kwanza walicheza na manamba wa shamba la mkonge, palepale kwetu, mvua inanyesha. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, unafungwa kwa kamba kama kiatu, ukinywa maji unakuwa mzito kama boga. Manamba mmoja aliupiga tu ili auondoe mguuni. Ukaserereka taratibu kwenye tope, watu wote wanautazama, Athumani akapiga goti kuudaka, ukapita katikati ya miguu yake. Tukafungwa goli hilo moja. Hakuna aliyemtukana siku ile, na mimi nikashukuru. Nilikuwa mtoto.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wamemaliza uji wa asubuhi, nikasikia vishindo bwaloni na vicheko. Nikachungulia. Walikuwa wamemkamata Athumani, wamemlaza juu ya kitanda cha kamba, wamemfunika shuka kutoka kichwani hadi miguuni, wanne wamekiinua kitanda mabegani. Hamisi ametangulia, kajifunga taulo kichwani kama sheikh, anasoma maneno yasiyo na maana kwa sauti ya puani. Kasiani Nandonde, Mkristo, anagonga debe iwe kengele. Walimzungusha uwanja mzima, wanalia, "Golikipa wetuuu! Alikuwa mtu mwema, mpira alikuwa anaupisha!" Chini ya shuka Athumani alikuwa anacheka, tumbo lilikuwa linacheza. Ilimpasa acheke. Wangoni waliwavamia babu zetu Wamwera zama zile, wakachoma maghala, wakachukua wanawake. Vita vilipokwisha ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya maiti ya mama yako, nawe ukaingia kwake ukachukua kuku, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Hamisi Mmwera, Athumani jina lake Ngonyani. Nani angeuliza zaidi?

Nyuma ya goli walikuwa wamechimba shimo. Wakamteremsha, wakamfukia mpaka kifuani, bado anacheka, wakamtoa. Hapo mchezo ungeishia ningekuwa nimeshausahau. Lakini Hamisi akaagiza mgomba. Wakakata kipande cha urefu wa mtu, wakakivisha jezi ileile aliyofungiwa goli, wakakiviringisha kwenye shuka lile, wakakilaza shimoni, kichwa upande unaotakiwa, wakafukia vizuri, wakainua tuta, wakasimika mti. Bwana Mkuu wa chuo, Mzungu, alikuja na kamera yake akapiga picha. Alifurahi sana, aliona vijana wamechangamka baada ya kushindwa. Mama mkubwa alikuwa amesimama nami mlangoni, ungo mkononi. Akauliza, "Mtoto wa nani yule?" Nikamwambia, Ngonyani. "Mngoni? Haya, ni haki yao." Kisha akatema mate pembeni. "Lakini mgomba, la. Hapo wamepitiliza." Kwetu mgomba huzikwa kwa ajili ya mtu aliyezama au aliyepotelea porini, ambaye mwili wake haukuonekana. Ukishazikwa, mtu huyo ametoka kwenye hesabu ya walio hai, na hata akitokea mlangoni, watu hawajui wamkaribishe au wamkimbie.

Mchana ule bwaloni Athumani alisema, "Nisogezeeni chumvi." Hamisi akaweka tonge chini. "Jamani, mmesikia kitu?" Kasiani akasema, "Upepo huo." Hamisi akainua kidole: "Maiti...?" Na bwalo zima likajibu, "Hasemi!" Chumvi haikusogezwa. Jioni sahani yake ilikuwa imewekwa karibu na mlango, peke yake, Rashidi Mtopela anaieleza kwa adabu: sadaka ya marehemu. Nilidhani yatakwisha kwa wiki. Lakini mechi iliyofuata walishinda, na Athumani hakufungwa. Ya tatu, na timu ya Kilwa, hakufungwa. Alikuwa anaurukia mpira kama mtu asiyekuwa na mifupa ya kuvunjika. Sasa ndipo ilipokuwa mbaya, maana mchezo ulikuwa umegeuka dawa. "Maiti haogopi mpira," Hamisi aliwaambia. "Tukimfufua tutafungwa." Issa Likolovela, kijana mpole, siku moja alijisahau akamjibu salamu. Walimfanya Issa afue jezi za timu nzima peke yake, na katika mechi iliyofuata walipokaribia kufungwa, wote walimtazama Issa. Hakujisahau tena. Darasani Athumani hawakumwazima wino. Kisimani walimpita wakazungumza juu ya kichwa chake. Usiku, alikuja kuniambia mwenyewe, kitanda chake walikisogeza mbali wakakigeuzia ukutani.

Kwa hiyo alikuwa akija kwenye mianzi mara nyingi zaidi, hata siku ambazo ukoko kweli haupo. "Somoe, upo?" "Nipo." Anaegemea mianzi. "Basi na mimi nipo." Nilimwambia aondoke, arudi Kilangala kwa mjomba wake. Akanijibu kwamba akiondoka hana cheti, na bila cheti mama mkubwa atamwuliza mjomba, mpwa wako ana nini? "Zimebaki mechi chache. Kombe likija, watanifufua." Alisema hivyo, watanifufua, kama jambo la kawaida, na mimi nikaitikia kama jambo la kawaida.

Siku moja tu alijitetea. Ilikuwa kisamvu siku ile, mimi niko nyuma ya mianzi, mikono imo ndani ya maharage ya kesho. Nikamsikia anasimama pale mlangoni pake. "Hamisi," akasema, "mimi si mtani wako. Baba yangu Mngoni, kweli, lakini alituacha. Mimi ni wa kwa mama, na mama yangu ni Mmwera wa Kilangala. Kabila moja na wewe. Unanichuria kifo." Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu Hamisi, kila aliposimulia, aliapa kwamba hakujua. Kwetu Wamwera wa zamani mtu ni wa tumbo la mama yake, hata mtoto wa miaka saba anajua. Mtani ni Mngoni. Mmwera mwenzako ni ndugu, na ndugu humfanyii maziko ya mchezo, maana kwa ndugu si mchezo, ni kumwombea kifo. Nilimsikia Hamisi ananyamaza. Kulikuwa na nafasi pale ambamo mtu angeweza kuiweka aibu yake, ikatosha. Kisha akauliza taratibu, kwa sauti tamu, "Jamani, mmesikia kitu?" Wakachelewa kidogo safari hii. Lakini wakajibu. "Maiti hasemi!"

Kombe walikwenda kulichukua Lindi mjini, kwa makarani wa boma. Sikuwepo. Nililisikia lori linapanda kilima wanaimba, na baadaye nikasikia mambo yote bwaloni, kwa kuwa waliyarudia mpaka yakalainika: jinsi makarani walivyopewa penalti, jinsi Athumani alivyoudaka mpira ule kifuani, akaukumbatia na kulala nao. Kombe lilikuwa la fedha, si kubwa, mama mkubwa alilisugua kwa majivu. Fransisi Mkwera akauliza, "Sasa kapteni, si tumfufue?" Nikaacha kuchagua. Hamisi akasema, "Arobaini bado." Walicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Ni utani mzuri, hata mimi nakubali. Alikuwa na kipaji.

Karamu ikawekwa kesho yake, mbuzi na wali. Na kesho yake hiyohiyo mjomba akaja, kama walivyopatana. Mzee Mnali wa Kilangala, kanzu imepigwa pasi, jogoo kwapani, tumbaku ya mama mkubwa imefungwa kwenye jani. Athumani alikuwa ameteremka mtoni kuoga ili amkute safi. Mzee akawakuta vijana wa timu uwanjani, wanapasua kuni. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya wali, nimevaa kanga yangu mpya, kwa kuwa nilijua ni nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Namtafuta mpwa wangu, Athumani."

Hamisi alitua shoka. Akashika tama. "Lo, mzee wetu. Umechelewa. Marehemu tumeshamzika."

Na wote kwa pamoja wakaangua kilio, yalaaa, golikipa wetu, wanajitupa chini. Walimchukulia kama Mngoni mwingine. Walitarajia awarudishie matusi, ndiyo raha ya utani. Mzee hakurudisha kitu. "Mmemzika wapi?" Benedikto Mchopa akanyoosha kidole nyuma ya goli. Mimi nilipiga kelele, "Mjomba, yu hai!" lakini walikuwa wanalia kumi kwa mmoja. Jogoo akamponyoka. Mzee alikimbia kwa ile kanzu mpaka kwenye tuta, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Kilio cha uongo kikazimika kimoja kimoja, huyu akinyamaza, yule akinyamaza, mpaka zikasikika kucha zake tu kwenye udongo. Hakuna aliyemwendea. Alifika kwenye shuka, akalivuta, likachanika, akauona mgomba umeoza, mweusi, umevaa jezi. Hapo ndipo alipolia. "Hata mwili hamkuuona?" akawauliza. "Alizama wapi mwanangu? Mto gani?"

Athumani akatokea upande wa mtoni, taulo begani, maji yanamchuruzika. "Mjomba," akasema. Mzee Mnali akageuka. Siwezi kulieleza lile tazamo ila kwa kusema kwamba alirudi nyuma. Alirudi nyuma kwa magoti, mikono mbele, udongo mpaka viwikoni, na Athumani kila akisogea hatua yeye anarudi, mpaka mgongo ukagonga nguzo ya goli. Ilichukua muda kabla hajamshika mguu kuona kama una joto.

Kisha akainuka, akajikung'uta. "Nani amefanya hivi?"

"Sisi watani, mzee," Hamisi akasema. Sauti haikuwa tamu tena. "Si Mngoni huyu?"

"Mngoni wa nani? Mama yake ni dada yangu, tumbo moja. Na wewe mama yako ni nani?"

"Bi Zena, wa Rutamba."

"Basi umezika ndugu yako," mzee akasema, si kwa hasira. "Na mgomba uliozikwa haufukuliwi. Nimeufukua mimi, kwa mikono hii." Mama mkubwa alikuwa ametoka, ameshajitanda ushungi kwa ajili ya posa. Mzee akamgeukia. "Dada, nilikuja na neno, lakini siwezi kuposa penye kaburi la mwanangu. Utanisamehe." Akaondoka. Athumani alitazama jikoni. Nilikuwa nimesimama na sufuria, nilitaka kusema nipo, lakini wazee walikuwa wanatazama na msichana hasemi mbele ya posa. Akamfuata mjomba wake, hakuingia hata ndani kuchukua shati. Yule jogoo mama mkubwa alimkamata nyuma ya ghala. Tulimla jioni ile. Alikuwa mgumu.

Mwaka uliofuata Hamisi alipata cheti, akaleta posa yake. "Mwalimu ni mwalimu," mama mkubwa alisema, na mimi nikaolewa naye, nikamzalia saba. Hakunipiga. Hakuninyima. Picha ya Bwana Mkuu aliitundika sebuleni, ile ya kitanda mabegani, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa: mtani wangu huyo, Mngoni, tulimzika akiwa hai, na mjomba wake akachimba, ha! Wageni walicheka, mimi nikamimina chai. Mara moja tu, tukiwa wazee tayari, nilimwambia, "Alikwambia kuwa si mtani. Nilisikia." Akanitazama, akasema, "Somoe, ule ulikuwa utani," akarudi kwenye redio yake. Alipenda sana ndizi. Uwanjani kwangu hakujaota mgomba hata mmoja, na hakuwahi kuuliza kwa nini.

Basi asubuhi ya maziko nikasikia pikipiki, na sauti ya Salumu: "Mtani kaja! Wapisheni, mtani kaja!" Walikuwa wamempakia mshikaki, yeye katikati asianguke. Chumba changu kina dirisha dogo lenye pazia, linatazama uani. Nikasikia fimbo. Nikasikia watu wameshaanza kucheka kabla hajafungua kinywa, kama wanavyochekwa wachekeshaji wanaojulikana. Mtu akasema, "Mzee, jeneza lile pale, likalie, usitoke!"

"Mimi si mtani wake," Athumani akasema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ileile. "Mama yangu ni Mmwera wa Kilangala."

Walicheka hadi makuti ya baraza yakatikisika. "Kaanza! Mzee kaanza! Anamkana!" Akalisema tena, polepole, neno kwa neno, kama mwalimu ambaye hakuwa. Wakacheka zaidi. Salumu wangu, ambaye tangu jana alikuwa hajala, nilimsikia anacheka mpaka analia, na nikajua kwamba kwa mwanangu hilo lilikuwa jambo jema. Athumani hakulisema mara ya tatu. Jeneza likainuliwa, tahlili ikatoka nao, na wanawake wakaniambia wamemwona amelishika ubavuni, mahali wanaposhika ndugu.

Walirudi jua limekuwa kali. Watu wakanawa, sahani zikapita. Nikaisikia ile fimbo inazunguka nyumba, si upande wa baraza, upande wa dirisha. Ikasimama. Nikakiona kivuli kwenye pazia kinainama, mtu mrefu, vilevile alivyokuwa anainama.

"Somoe," akaita. "Upo?"

Wanawake watatu walinigeukia. Bi Mwajuma akanong'ona kwamba salamu ya pole naweza kuijibu, haivunji eda. Nilikuwa na neno lile, nipo, kinywani tangu siku ya sufuria ya wali, lote zima, na nilipofungua kinywa nikaona si lenyewe lililotoka.

"Maiti hasemi," nikamwambia.

Huko nje akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya kile kitanda cha kamba, na kilikuwa kicheko kilekile cha chini ya shuka. Barazani wakamsikia, nao wakacheka, wanaulizana bibi kasema nini, na mmoja akapaza sauti, "Naam! Sasa huo ndio utani!" Fimbo ikagonga chini, ikageuka, ikaenda.